Kibao cha ujumbe cha kielektroniki (ujenzi wa barabara)

Kibao cha ujumbe cha kielektroniki ni ubao wa taa unaomweleza dereva hali ya barabara iliyo mbele yake, na maneno yake hubadilishwa kadiri kazi inavyoendelea. Cha kuhamishika hufungwa juu ya tela, kikitumia sola na betri. Maandishi yake kwa kawaida ni ya taa za LED za rangi ya kaharabu juu ya weusi.

Ugumu wake uko kwenye maneno. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hukata takribani mita 28 kila sekunde. Ujumbe unaosomeka kutoka mita 180 humwachia dereva sekunde 6 na kidogo. Ndiyo maana mwongozo wa taifa wa alama za barabarani wa Marekani, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1935, unapendekeza kibao cha aina hii kiwe na mistari isiyozidi 3, kila mmoja herufi 8, na hauruhusu ujumbe kugawanywa katika zaidi ya kurasa 2 zinazopokezana. Maandishi yanayotembea au kumetameta hayaruhusiwi pia.

“Njia ya kushoto imefungwa” humsaidia dereva kuhama mapema. “Endesha kwa uangalifu” haimwambii lolote. Kibaya zaidi ni kibao kinachoendelea kutangaza mchepuko uliokwisha kuondolewa: dereva aliyedanganywa leo hatakiamini kesho, na walio hatarini ni mafundi walio barabarani.