Chupa ya maji ya askari wa zamani: namna ya kuitambua na kukadiria umri wake

Ukilima karibu na Taveta, Salaita au Mahiwa, jembe linaweza kugonga chuma cha Vita Kuu ya Kwanza, iliyopiganwa Afrika Mashariki kuanzia Agosti 1914 hadi Novemba 1918. Baadhi ya vitu hivyo ni chupa za maji za askari. Nyingine hazikutoka ardhini kabisa: zimetundikwa ukutani tangu babu aliporudi kutoka keya. Kwa mbali hufanana. Asiyejua huiuza kwa bei ya chuma chakavu, au huisugua ing'ae, akafuta alama ambazo zingeeleza ilikotoka.

Msikilizaji, ukiwa na chupa kama hiyo, fuata hatua hizi.

1. Usiisugue
Ondoa udongo kwa brashi laini iliyo kavu. Usitumie mchanga, msasa wala waya wa kusugulia sufuria. Mabaki ya kitambaa, kamba au mkanda wa ngozi yaache palepale. Usiinywee maji.

2. Ijaribu kwa sumaku
Sumaku ya spika ya redio iliyoharibika inatosha. Ikinasa, chupa ni ya chuma. Chupa ya Waingereza ya Vita ya Kwanza ilikuwa ya chuma kilichopakwa enameli ya buluu, kama ile ya vikombe vya bati, kisha ikavikwa kitambaa kizito cha sufu cha rangi ya kaki. Ilibeba karibu lita moja ya maji.

Isiponasa, huenda ni alumini. Wajerumani walianza kuwapa askari wao chupa za alumini miaka ya 1890, nazo pia zilivikwa kitambaa cha sufu. Lakini sumaku peke yake haitoshi, kwa sababu alumini ilipoadimika wakati wa vita, Ujerumani ilitengeneza chupa za chuma pia.

3. Tazama kizibo
Chupa ya buluu ya Waingereza ilizibwa kwa kizibo cha gome la mti, kilichofungwa kwa kamba ili kisipotee. Chupa za enameli ziliendelea kutumika hadi Vita Kuu ya Pili, 1939 hadi 1945, kwa hiyo rangi ya buluu haithibitishi kwamba ni ya 1914. Chupa ya Waingereza ya alumini, yenye mfuniko mweusi wa plastiki wa kuzungusha, ni ya muundo wa 1944. Ile ya plastiki tupu ni ya muundo wa 1958 au baada yake, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni ya Mjerumani.

4. Tafuta alama na mwaka
Angalia shingoni, kitakoni, na hasa upande wa ndani wa mkanda wa kubebea. Mistari mitatu mifupi inayokutana kama ncha ya mshale ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Karibu nayo huenda pakawa na jina la kiwanda na mwaka. Kumbuka kwamba huo ni mwaka wa kutengenezwa. Chupa ya 1911 ingeweza kupotea vitani 1917, na mkanda ungeweza kubadilishwa baadaye.

5. Andika mahali ilipopatikana
Chupa iliyofukuliwa penye mapigano ya 1916 ina maelezo tofauti na ile iliyorudi na askari wa keya kutoka Burma, Ethiopia au Madagaska katika Vita ya Pili. Piga picha ikiwa palepale, andika jina la kijiji na shamba, na uwaulize wazee wa nyumba. Chupa iliyohamishwa bila maelezo hupoteza nusu ya thamani yake.

Usichimbe kutafuta nyingine
Penye chupa panaweza kuwa na mabomu na risasi ambazo hazijalipuka, na umri hauziondolei hatari. Ukiona kitu cha chuma usichokijua, usikiguse wala kukigonga. Weka alama kwa mbali, wazuie watoto, kisha umwarifu chifu, mwenyekiti wa kijiji au polisi. Ukiona mifupa, acha kuchimba. Huenda ni kaburi.

Kabla ya kuuza
Geuza chupa polepole kwenye mwanga wa jua. Askari wengine walikwaruza majina au namba zao kwa ncha ya kisu. Wapagazi wa vita ile, ambao majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yametokana nao, walikufa kwa maelfu, na wengi hawana kaburi lenye jina. Herufi tatu zilizokwaruzwa kwenye chupa huenda ndizo pekee zilizobaki za mtu fulani. Zipige picha, kisha uipeleke chupa kwenye makumbusho yaliyo karibu nawe ikatazamwe kabla hujakubali bei ya mtu yeyote.