Picha Mwambani na Neno la Shahidi

Mwanadamu wa kale, asiyeacha maandishi, alimwazaje Mungu na roho? Swali hili latuhusu sisi tusomao theolojia.

Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, kimepatikana kipande cha jiwe chenye mistari iliyochorwa kwa udongo mwekundu yapata miaka 73,000 iliyopita. Akili ya mwanadamu ina historia ndefu. Lakini mistari hiyo haisemi ilichorwa kwa nini.

Mwaka 1988 David Lewis-Williams na Thomas Dowson walitoa hoja kwamba ubongo wa wanadamu wote ni wa namna moja, na mtu aliyepagawa huona nukta, mistari na wanyama. Kwa hiyo, walisema, picha za mapango ya Ulaya huenda zilitokana na njozi za shamani, yaani mtu aaminiwaye kuingia katika ulimwengu wa roho ili kuleta uponyaji au mvua.

Hoja hiyo ilikuwa na mizizi Afrika. Kuanzia mwaka 1870, mjini Cape Town, Wilhelm Bleek, mwana wa mtaalamu wa Biblia, pamoja na shemeji yake Lucy Lloyd, binti wa kasisi, waliandika masimulizi ya Wasani, baadhi yao wakiwa wafungwa. Mwambani Game Pass, katika milima ya Drakensberg, amechorwa pofu anayekufa, miguu yake imepishana. Nyuma yake mtu ameshika mkia, naye miguu yake imepishana. Macho peke yake yangeona uwindaji tu. Kwa msaada wa masimulizi hayo na ngoma za uponyaji za Kalahari, Lewis-Williams alifafanua kwamba mganga naye "hufa" katika ngoma, akipokea nguvu za mnyama.

Ulaya hakuna shahidi kama huyo, ndiyo maana hoja hiyo imepingwa na wengi. Ubongo waeleza jinsi njozi inavyoonekana. Hauelezi maana yake, wala kama ni ya kweli.

Basi mchungaji asiseme upesi, "Ni ubongo tu," wala, "Ni ushetani tu." Mtume anatuagiza kuzijaribu roho (1 Yohana 4:1), nasi hatuwezi kulijaribu neno tusilolisikiliza. Lugha ya wafungwa wale haisemwi tena, ila ushuhuda wao umebaki kwa kuwa mtu aliketi, akauliza, akaandika. Je, wazee wa sharika zetu, ni nani anayewauliza?