Kupisha Gari la Dharura Katika Nchi za Ugeni

Ubinadamu wa kumpisha mgonjwa njiani hauna taifa, lakini namna ya kumpisha inalo. Katika nchi moja dereva husogea kushoto, katika nyingine kulia. Hapa husimama kabisa, pale huendelea polepole. Avukaye mpaka na motokaa huchukua mazoea ya kwao, na mazoea mema ya nchi moja yaweza kuwa kizuizi katika nchi ya pili. Historia ya sheria hii yaonyesha kwa nini tofauti hizo si jambo dogo.

Hospitali ya Bellevue ya mji wa New York ilipoanzisha utumishi wa magari ya wagonjwa katika mwaka wa 1869, magari hayo yalivutwa na farasi, na kengele iliwatangazia watu kuja kwake. Katika mwaka wa 1899 hospitali ya Michael Reese ya Chicago ilipata gari la wagonjwa lililokwenda kwa umeme. Mwendo ulizidi, motokaa zikaongezeka, na mahali pa kengele pakashikwa na king'ora na taa. Walakini fikira iliyokuwa nyuma ya vyombo hivyo vyote ilikuwa moja: gari hutoa sauti, aliye mbele husikia, ndipo hupisha.

Mataifa yaliiandika fikira hiyo katika mkataba wa barabara uliotiwa sahihi Vienna tarehe 8 Novemba 1968. Kifungu cha 34 chasema ya kuwa kila mtumiaji wa barabara, akionywa kwa taa na sauti maalumu za gari lenye haki ya kutangulia, hana budi kuliachia nafasi ya kupita, na ikilazimu asimame. Wajibu ulitajwa, lakini upande wa kusogea haukutajwa. Isingewezekana kuwa vingine, maana wengine huendesha kushoto na wengine kulia. Kila nchi ilibaki na kazi ya kueleza namna yake.

Uingereza, ambayo kitabu chake cha kanuni za barabara kilitolewa mara ya kwanza mwaka wa 1931, humtaka dereva asogee kushoto kwa utulivu, wala asivunje sheria nyingine kwa ajili ya kupisha. Taa nyekundu hubaki taa nyekundu hata king'ora kikilia nyuma yake; akiivuka aweza kushtakiwa. Ujerumani, dereva aweza kuuvuka mstari wa taa hiyo kwa tahadhari kubwa ikiwa hana njia nyingine ya kupisha. Marekani, aghalabu dereva hutakiwa kwenda ukingo wa kulia na kusimama mpaka gari limepita. Tena jimbo la South Carolina lilitunga sheria mwaka wa 1996 kwa ajili ya gari la dharura lililokwisha kusimama kando ya barabara: anayelipita ahamie safu ya mbali, au apunguze mwendo. Kufikia mwaka wa 2012 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya namna hiyo.

Badiliko kubwa zaidi la fikira lilitokea katika barabara kuu za Ujerumani. Huko iligunduliwa ya kuwa sauti huja imechelewa. Motokaa zikiisha kusongamana, bamba kwa bamba, aliyesikia king'ora hana tena pa kusogea. Kwa hiyo tangu mwaka wa 1982 sheria iliwataka madereva waache kichochoro katikati yao, kiitwacho kwa Kijerumani Rettungsgasse, yaani kichochoro cha uokozi. Kanuni ya kwanza ilitatiza watu, kwa sababu mahali pa kichochoro palibadilika kwa hesabu ya safu. Mwishoni mwa mwaka wa 2016 ilirahisishwa. Walio safu ya kushoto kabisa husogea kushoto, wengine wote husogea kulia. Tena hufanya hivyo mara msafara unapopungua hadi mwendo wa mtu atembeaye, hata kama hakuna king'ora kinachosikika.

Sheria njema haikutosha kuwafundisha watu. Tarehe 3 Julai 2017, karibu na mji wa Münchberg katika jimbo la Bavaria, basi la wasafiri liligonga lori palipokuwa na msongamano, likashika moto. Watu 18 walikufa na 30 walijeruhiwa. Moto ule ulikuwa mwepesi mno, wala si haki kudai ya kuwa wote wangalipona kama njia ingalikuwa wazi. Lakini madereva walioziba njia na waliopunguza mwendo ili watazame walilaumiwa vikali na wakuu wa serikali. Mwezi wa Oktoba wa mwaka huo huo, faini ya kutoacha kichochoro ilipandishwa kutoka euro 20 hadi kuanzia euro 200.

Majirani nao walifuata, kila mmoja kwa wakati wake. Austria iliweka wajibu huo tarehe 1 Januari 2012, Uswisi tarehe 1 Januari 2021. Hata wanaofanana hawakulingana kabisa: Austria huruhusu walio kulia wasogee mpaka ukingo wa barabara uliotengwa kwa magari mabovu, lakini Ujerumani kwa kawaida ukingo huo huachwa wazi.

Dereva aliyefundishwa Mombasa, Dar es Salaam au Kampala ana sababu ya pekee ya kuyazingatia haya. Mikono yake imezoea kusogea kushoto. Akiwa katika safu ya kulia ya barabara ya Ujerumani, akaogopa king'ora na kuvuta usukani kushoto, ataziba kichochoro kile kile ambacho wenziwe wamekifungua. Nia yake itakuwa njema, na gari la wagonjwa litasimama nyuma yake. Yampasa ajifunze kanuni ya nchi kabla ya kushika usukani, atazame kioo cha nyuma, aonyeshe kwa taa upande anaokwenda, wala asikanyage breki ghafula. Gari la kwanza likipita, asilifuate wala asirudi upesi mahali pake, maana mara nyingi la pili li nyuma.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Huenda ni kweli kwa ajali yenyewe, lakini dakika zinazofuata zina kinga, nayo imo mikononi mwa watu wasiomjua majeruhi wala hawatamwona. Mgeni aliye barabarani ni mmoja wao.