Barua za New Street
Historia fupi ya African Association ikielekea miaka 100

Kutoka New Street, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba, hadi Feri ni mwendo wa nusu saa hivi kwa mtu asiye na haraka. Katika Dar es Salaam ya Waingereza, njia hiyo fupi ilikata miji mitatu. Ulianzia Kariakoo, kwa Waafrika. Ukavuka Mnazi Mmoja, uwanja ulioachwa wazi makusudi ili watu wasichanganyike. Ukapita Uhindini, ndipo ukatokea Uzunguni, ambako ofisi za serikali zilijipanga ufukweni zikitazama bandari. Mwananchi wa Kariakoo aliyekuwa na shida ya kodi, nyumba au shule alijua fika kwamba uamuzi unafanyika kule ufukweni. Asichokijua ni nani wa kumfikishia neno lake huko. African Association, itakayotimiza miaka 100 mwaka 2029, iliundwa kulifanya jambo hilo.

Haikuwa ya kwanza kabisa. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake walikuwa wameanzisha Tanga chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Lakini kile kilikuwa chama cha makarani kwa ajili ya makarani. Cha Dar es Salaam kilijitwalia jina pana zaidi, la Waafrika wote. Rais wa kwanza alikuwa Mwalimu Cecil Matola, na katibu wake Kleist Sykes, karani wa reli. Waliokuwa nao ni pamoja na Mzee bin Sudi, Ibrahim Hamisi, Zibe Kidasi na Ali Said Mpima. Katika orodha hiyo wamo Waislamu na Wakristo, wenyeji wa pwani na watu ambao wazazi wao walifika na misafara ya vita. Baba yake Kleist, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu aliyechukuliwa Msumbiji akiwa askari wa Hermann von Wissmann mwaka 1889. Kleist mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1894, alipigana upande wa Wajerumani kabla ya kushika kalamu ya Waingereza. Mwaka 1924 alikutana na Dk. James Aggrey wa Gold Coast, aliyepita Dar es Salaam na tume ya elimu, na alisimulia kwamba wazo la kuwa na umoja wa Waafrika lilimkaa kichwani tangu mazungumzo yale.

Michango ilipitishwa, wanachama wakajitolea nguvu zao, na katika miaka ya mwanzo ya 1930 jengo la chama likasimama New Street. Historia nyingi hulitaja jengo hilo kwa sababu TANU ilizaliwa humo. Mimi naona umuhimu wake ulianza mapema zaidi, kwa sababu ya majirani zake.

Kariakoo ile haikuwa na ofisi ya ustawi wa jamii. Mgeni akifia mjini bila ndugu, zilihitajika sanda, mbao za kaburi, watu wa kuchimba na mtu wa kupeleka habari kwao. Kazi hizo zilifanywa na vyama vya kuzikana, vikundi vya ngoma, na vyama vya watu wa asili moja kama Wazaramo Union na Ukami Union. Vilabu vya taarabu, Egyptian na Al-Watan, navyo havikuwa vya muziki peke yake. Mwanachama akifiwa au akioa, wenzake walijitokeza. Mwaka 1933 ikaundwa Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, nayo ikafungua shule, kwa kuwa shule za kuwatosha watoto wa mjini hazikuwapo. Kleist alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Mtu aliyekaa kikao cha shule jioni hii, kesho alikuwa New Street akiandika barua kwa serikali. Vyama hivi havikuwa na mkataba wowote wa kuwakilishwa na African Association. Watu walikuwa wale wale, basi, na shida walizozibeba ni zile zile.

Hata hivyo chama kilikuwa na udhaifu, na aliyeusema kwa sauti kubwa zaidi ni Erika Fiah. Huyu alikuwa mzaliwa wa Uganda, mwenye duka Dar es Salaam, mtu mkali asiyemung'unya maneno. Mwaka 1934 alianzisha chama kingine cha Waafrika, cha ustawi na biashara, na mwaka 1937 akaanza kuchapa gazeti la Kiswahili, Kwetu. Lawama yake kwa watu wa New Street ilikuwa rahisi: ninyi ni makarani, mnalipwa na serikali, mtaibana vipi serikali hiyo hiyo? Wapo wanaomwona Fiah kuwa mgomvi tu. Sikubaliani nao. Karani wa serikali kweli alikuwa na Kiingereza cha kuandikia barua, lakini alikuwa na mshahara wa kupoteza, na hiyo ilimfanya apime kila sentensi. Mchukuzi wa bandarini hakuwa na Kiingereza wala mshahara wa mwezi. Aliitwa kwa siku na kuachwa kwa siku. Alipochoka hakuandika barua, aligoma, kama ilivyokuwa mwaka 1939, na tena Septemba 1947, mgomo ulipoanzia bandarini ukafuata reli hadi bara.

Pengo hilo lilianza kuzibwa na kizazi cha pili. Abdulwahid, mtoto wa Kleist, alirudi kutoka vita vya Burma na akawa katibu wa chama cha wafanyakazi wa bandari. Baadaye alikuwa mkuu wa Soko la Kariakoo, kazi inayomkutanisha mtu na kila aina ya binadamu kabla jua halijawaka sawasawa. Mwaka 1948, baada ya kuachana na wenzao wa Zanzibar, chama kikawa Tanganyika African Association (TAA). Miaka miwili baadaye uongozi wa Dk. Vedasto Kyaruzi na Abdulwahid ukaunda kamati ndogo ya siasa. Humo, pamoja na hao wawili, walikuwamo Sheikh Hassan bin Amir, Said Chaurembo, John Rupia na Stephen Mhando: daktari, mwanachuoni wa dini, mfanyabiashara, mwalimu. Waliandika mapendekezo kwa kamati ya serikali iliyokuwa ikichunguza mabadiliko ya katiba. Safari hii barua haikuomba shule wala posho. Ilidai nafasi ya Waafrika katika chombo kinachotunga sheria zenyewe.

Aprili 1953 Mwalimu Julius Nyerere akachaguliwa rais wa TAA. Mwaka huo huo serikali ikawapiga marufuku watumishi wake kujihusisha na vyama vya siasa. Kwa chama kilichojengwa na makarani, hilo lilikuwa pigo la shingo. Lakini pigo hilo lilijibu swali la Fiah vizuri kuliko alivyowahi kulijibu mwenyewe: waliobaki ni wale ambao serikali haikuwa na mshahara wa kuwatishia, akina mama na wenye biashara ndogo wa Kariakoo wakiwemo. Tarehe 7 Julai 1954, New Street, TAA ikageuka TANU.

Mwaka huo wa 1954 ulileta pia Sheria ya Vyama, iliyokitaka kila chama kiandikishwe na kumpa msajili uwezo wa kukataa. TANU iliandikishwa, ila Usukumani ilizuiwa kwa miaka kadhaa. Jambo la kushangaza ni kwamba sheria ile haikuondoka na walioileta. Mwaka 1997 ndiyo iliyotumika kulifuta Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, lililokuwa likiongozwa na Profesa Anna Tibaijuka, na iliwachukua wanawake hao miaka 12 mahakamani hadi Mahakama Kuu kuwapa haki mwaka 2009.

Katikati ya kesi hiyo, mwaka 2002, Bunge lilipitisha sheria mpya ya mashirika yasiyo ya kiserikali. Kuendesha shirika bila usajili kukawa na adhabu ya faini hadi shilingi 500,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote pamoja. Sheria iliunda pia Baraza la Taifa la mashirika hayo, na kumkataza mtu au chombo kingine chochote kufanya, au kudai kufanya, kazi iliyopewa baraza hilo. Makarani wa mwaka 1929 wangekisoma kifungu hicho mara mbili. Mwaka uliofuata baadhi ya asasi zilianzisha Policy Forum, mtandao wa kufuatilia sera na bajeti, ambao baadaye ulijisajili chini ya Sheria ya Makampuni. Midahalo yake ya Ijumaa asubuhi ilifanyika kwa miaka mingi katikati ya jiji, British Council, Samora na Ohio, upande ule ule wa Mnazi Mmoja ambako barua za New Street zilikuwa zikipelekwa. Mwaka 2019 sheria ilibadilishwa tena, na asasi zilizosajiliwa kama makampuni zikapewa miezi miwili kuhamia kwa msajili wa mashirika.