Zaporizhzhia: Kiwanda cha Injini Kilichobaki Ng'ambo ya Mpaka

Wakazi wa Goma na Bunia wamezoea ngurumo ya Mi-8, helikopta zilizobeba walinda amani wa Umoja wa Mataifa kwa miaka mingi. Injini zake mbili aina ya TV3-117 hulazwa sambamba juu ya paa la abiria, na mdomoni mwa kila moja hufungwa kofia ya mviringo ya kuchuja vumbi lisitafune mapanga ya ndani. Injini hizo zimeundwa kwa maelfu Zaporizhzhia, mji wa Ukraine ulio kando ya mto Dnipro, katika kiwanda ambacho leo kinaitwa Motor Sich.

Mwaka 1907 kilikuwa karakana ya zana za kilimo. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto kikanunuliwa na kampuni ya Deka, na mwaka 1916 kikatoa injini yake ya kwanza ya ndege. Wajerumani walipokaribia mwaka 1941, mitambo ilipakiwa kwenye treni ikahamishiwa Omsk, Siberia. Baada ya vita, mhandisi Oleksandr Ivchenko na wasanifu wake waliweka makao Zaporizhzhia, na kazi ikanoga: injini ya AI-20 ya ndege ya An-12, AI-24 ya An-24, na baadaye D-18T yenye msukumo wa tani zaidi ya 23. Dege la An-225 lilifungwa D-18T sita.

Moscow iligawa kazi kana kwamba dola ya Kisovieti haitavunjika kamwe. TV3-117 ilisanifiwa Leningrad, ikaundwa Zaporizhzhia, ikafungwa kwenye helikopta Kazan na Ulan-Ude, Urusi. Mwaka 1991 mpaka ukapita katikati, na mteja mkubwa akabaki upande wa pili. Biashara iliendelea hata hivyo, mpaka Ukraine ilipopiga marufuku mauzo ya kijeshi kwa Urusi mwaka 2014, baada ya Crimea kutwaliwa.

Kiwanda kikageukia China. Kampuni ya Skyrizon ilinunua hisa, mahakama ya Ukraine ikazizuia, na Marekani ikapinga ununuzi huo. Mwaka 2022 makombora ya Urusi yalikipiga. Oktoba mwaka huo bosi wake wa miaka mingi, Vyacheslav Boguslaev, alikamatwa akituhumiwa kuisaidia Urusi, na Novemba serikali ikakitwaa kiwanda.

Kwa masaibu hayo wapo wanaowalaumu Wachina, wengine Boguslaev. Kwa maoni yangu, hao wote walikuta jeraha la 1991 likiwa bado bichi: kiwanda kilichojengwa kumtegemea mteja mmoja, na mteja huyo akageuka adui.