Kuchoma CD: kitenzi kimoja, kazi tatu

Kitenzi "kuchoma" hakikusubiri kikao cha istilahi ili kiingie kwenye kompyuta. Kwenye vibanda vya muziki, Kariakoo kama River Road, mtu alisema "nichomee CD" na akaeleweka papo hapo. Wapo wanaosema "kuburn", lakini sioni walichoongeza. Choma ina maana mbili ambazo kila mtoto anazijua: ya moto, kama mahindi ya kuchoma, na ya ncha, kama kuchomwa sindano au mwiba. Zote mbili zimo katika kazi hii.

CD ya kiwandani haichomwi. Plastiki hukandamizwa kwenye kalibu inayoiachia vishimo vidogo sana, kisha hupakwa alumini. Diski tupu ya kununua dukani haina vishimo hivyo. Ina mfereji mmoja mwembamba unaozunguka kutoka katikati kwenda ukingoni, na juu yake tabaka la rangi: ya kijani, ya buluu au ya dhahabu iliyofifia, kutegemea kemikali iliyotumika. Ncha ya mwanga wa leza huipasha moto rangi hiyo nukta kwa nukta. Palipochomwa hapaakisi mwanga vizuri, na redio hupasoma kama kishimo.

Neno limekaa vizuri, basi. Kasoro yake ni kwamba linafunika kazi tatu: kuandaa sauti, kuchoma kwenyewe, na kufunga diski. Mteja akirudi na kusema "Fundi, kwenye kompyuta inaimba, kwenye redio ya gari hola," wote wawili husema CD imechomwa vibaya. Mara nyingi leza haina hatia.

Kosa linaloongoza liko kwenye kuandaa. CD ya sauti ina kanuni zake, zilizowekwa na Philips na Sony mwaka 1980: sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16 kila moja, pande mbili, kushoto na kulia. Hesabu hiyo inatoa biti 1,411,200 kwa sekunde. Faili ya MP3 ya kawaida ina 128,000 tu. Ukiburuta faili za MP3 na kuziweka kwenye diski kama zilivyo, umetengeneza diski ya data. Kompyuta itaisoma, na deki nyingi za DVD zitaisoma, ila redio ya zamani haijui faili ni kitu gani. Hapo napendelea kusema "kunakili", hata kama leza imefanya kazi ileile, na kuacha "kuchoma CD ya sauti" kwa ile ambayo programu imezifumua MP3 kwanza na kuzipanga kama nyimbo.

Kutoka hapo ndipo linapozaliwa lalamiko jingine: "Nyimbo zangu zote ni MB 300, diski ni ya MB 700, mbona inasema hazienei?" Hazienei kwa sababu CD ya sauti hupimwa kwa dakika. Diski ya MB 700 ni dakika 80, basi. Hizo MB 300 za MP3, kwa kiwango cha 128, ni zaidi ya saa tano za muziki. Zikinakiliwa kama data zitaingia na nafasi itabaki; zikifumuliwa, wimbo wa MB 4 unakuwa wa MB 40 na ushei.

Kazi ya tatu, kufunga, ndiyo inayosahaulika kwa sababu haina jina mitaani. Mwanzoni mwa diski, karibu na tundu, kuna sehemu ya orodha inayoiambia redio nyimbo ni ngapi na kila moja inaanzia wapi. Orodha hiyo huandikwa pale diski inapofungwa. Ukiiacha wazi ili uongeze nyimbo kesho, draivu ya kompyuta itaielewa, lakini redio itazungusha, itazungusha tena, kisha itaandika kwamba hakuna diski. Dawa ni kuirudisha kwenye draivu na kuifunga. Hakuna haja ya kuitupa.

Sasa imebaki kuchoma kwenyewe, ambako nako watu hukosea. Geuza diski na uiinamishe kwenye mwanga: sehemu iliyochomwa ina kivuli tofauti kidogo, kuanzia katikati kwenda nje. Kama nyimbo zilikuwa za dakika 70 na kivuli kimeishia kati ya njia, kazi ilikatika. Zamani chanzo kilikuwa kompyuta kuchelewa kuleta data wakati leza haiwezi kusubiri. Teknolojia kama BURN-Proof ya Sanyo iliifundisha draivu kusimama na kuendelea pale ilipoishia. Kama kivuli kimekamilika lakini wimbo unarukaruka, punguza kasi. Kasi ya 16 humaliza diski ya dakika 80 kwa takriban dakika tano, na hiyo inatosha. Sioni maana ya kukimbilia 48 ili kuokoa dakika chache. Kushuka hadi 1 nako si ushujaa: rangi za diski nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa mwendo wa haraka.

Kwa diski iliyoharibika namna hii Kiswahili kina kitenzi tayari. Mahindi yaliyochomwa yanaliwa, yaliyoungua yanatupwa. CD iliyofaulu imechomwa, iliyokatika njiani imeungua. Ningependa mafundi wazitenge hivyo, maana diski iliyoungua haitibiki, wakati ile isiyofungwa inatibika.

Wanaochoma mawaidha au kaswida ndefu iliyogawanywa vipande hulalamikia ukimya wa sekunde mbili kati ya kipande na kipande. Huo si ubovu. Programu imechoma wimbo mmoja mmoja. Chagua kuchoma diski nzima kwa mkupuo, na uweke pengo kuwa sifuri.

Ziko pia diski za kufutika, ambazo hazina rangi ya kuchomwa. Leza hubadilisha hali ya tabaka la metali, na joto jingine huirudisha ilivyokuwa. Zinaakisi mwanga kidogo sana, hivyo redio nyingi za zamani hazizioni kabisa, hata kama umeandaa na kufunga bila kosa. Kwa redio ya namna hiyo, nunua diski ya kuandikwa mara moja.