Plamu: Asili ya tunda huamua mahali pa kulipanda

PLAMU ni tunda la jamii moja na pichi, cheri, aprikoti na lozi. Lina ngozi nyororo, nyama yenye majimaji mengi na kokwa moja gumu katikati. Nchini Kenya hukuzwa katika nyanda za juu zenye baridi, hususan Limuru na maeneo jirani, ambako wachuuzi huyauza kwa ndoo kando ya barabara ya kuelekea Nakuru.

Ingawa sokoni huitwa kwa jina moja, matunda haya yana asili tofauti. Mkulima asiyejua asili ya mche anaonunua huenda akangoja miaka mitatu au minne, kisha akaambulia mti wenye majani tupu.

Aina nyingi zinazouzwa duniani hutokana na makundi mawili makuu. La kwanza ni plamu za Ulaya, ambazo wanasayansi huziita Prunus domestica. Aghalabu matunda yake huwa na umbo la yai, nyama imara na sukari nyingi. Kwa sababu hiyo, baadhi yake hukaushwa yakiwa mazima bila kuchacha.

Plamu za kukaushwa za eneo la Agen, Ufaransa, ndizo maarufu zaidi. Mnamo 1856, vikonyo vyake vilipelekwa California, Marekani, na kuanzisha kilimo kikubwa ambacho kipo hadi leo. Katika kundi hili pia kuna Victoria ya Uingereza, na Reine Claude, ambayo hubaki kijani hata ikiiva. Jina hilo ni la Malkia Claude wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1524.

Kundi la pili ni plamu za Kijapani, Prunus salicina. Licha ya jina hilo, asili yake ni Uchina. Zilistawishwa Japani kabla ya kusambaa kwingineko. Haya ni matunda ya mviringo, makubwa, yenye majimaji mengi, na huliwa yakiwa mabichi.

Aliyezipa umaarufu ni mkulima mtafiti Luther Burbank wa mji wa Santa Rosa, California. Aliagiza miche kutoka Japani mnamo 1885, akaichanganya na aina nyingine, na mwaka 1906 akatoa plamu aliyoipa jina la mji wake. Santa Rosa ina ngozi nyekundu iliyokolea, nyama ya manjano yenye wekundu, na utamu uliochanganyika na ukali.

Tofauti kubwa kwa mkulima ni mahitaji ya baridi. Mplamu hulala wakati wa kipupwe, na hauchanui vyema usipopata saa za kutosha za baridi kali. Plamu za Ulaya huhitaji saa nyingi kuliko zile za Kijapani. Ndiyo maana aina zilizozoeleka Kenya, kama vile Santa Rosa, Methley na Harry Pickstone, ni za ukoo wa Kijapani. Mbili za mwisho zilitokea Afrika Kusini.

Jambo la pili ni uchavushaji. Plamu nyingi za Kijapani hazizai kwa chavua yake zenyewe. Sharti pawe na mti wa aina nyingine unaochanua wakati mmoja, na nyuki wa kubeba chavua. Methley hujitosheleza. Santa Rosa huweza kuzaa peke yake, lakini mavuno huongezeka ikiwa na jirani. Aidha, mti uliooteshwa kutokana na kokwa haufanani na mzazi wake. Mche uliopandikizwa ndio wa kutegemewa.

Kwa mlaji, plamu ina vitamini C na K, nyuzinyuzi, na sukari iitwayo sorbitoli ambayo hulainisha choo.

Plamu isichanganywe na zambarau, tunda ambalo Waingereza huliita plamu ya Java ilhali mti wake ni wa jamii ya mkarafuu. Ndugu halisi wa plamu katika misitu ya Kenya ni muiri, Prunus africana, ambao magome yake hutengenezewa dawa ya tezi ya kiume. Matunda yake ni machungu, lakini ukoo ni mmoja.

Hivyo basi, kabla ya kulipia mche, mkulima aulize mambo mawili: aina yake ni ipi, na unahitaji mwenzi gani.